Mjuzi, mjuaji, mjuvi: namna ya kumtaja "anayejua yote" bila kumtukana mtu

Mimi nina steshenari ndogo huku Nyegezi, Mwanza, sio mbali na stendi. Kazi zangu ni kuchapa barua, risala, ratiba za mazishi, kadi za michango, mabango ya kwaya na fulana za wanachuo, na kwa miaka yote hii neno lililonitoa jasho kuliko yote sio la kisheria wala la kidaktari, ni hili la kusema fulani anajua kila kitu. Watu wanalitaka sana, kwenye kadi ya kumuaga bosi wanalitaka, kwenye bango la mkesha wanalitaka, na kila mmoja anakuja na lake.

Nililijua kwa aibu. Kuna kamati ya shule fulani walikuja nichape risala ya kumuaga mwalimu anayestaafu, wakaniambia weka neno la mtu anayejua kila kitu, mimi kwa haraka ya ijumaa jioni na umeme unakatika nikagonga "mwalimu wetu mjuaji wa mambo yote", nikaprinti nakala mbili nikala hela yangu. Kesho yake msomaji akasoma hivohivo mbele ya wageni, ukumbi ukacheka mpaka mgeni rasmi akainamisha kichwa. Jumatatu mwalimu mwenyewe kaja dukani, karatasi mkononi, nami ndo najua siku hiyo kwamba kumbe alikuwa anafundisha Kiswahili. Hakugomba. Kavuta kiti akasema, "mwanangu, umeniaga vizuri, ila mkia wa neno umenivua nguo". Akachukua kalamu. Mengi ya hapa chini yametoka kwenye kile kikao, mengine nimeyaokota mwenyewe kaunta.

Hatua ya kwanza: jua unamsema nani

Kabla hujagusa kibodi jiulize, huyu anayejua yote ni nani. Kama ni Mungu una njia yake. Kama ni binadamu una njia nyingine, na hapo kuna shimo. Kama ni msimulizi wa hadithi kuna neno la wataalamu kabisa, na wanafunzi wengi wanalikosa. Kama ni simu au hizi akili mnemba wanazoulizia wanachuo asaimenti zao, basi sema tu "ina maarifa mengi" uishie hapo, manake mimi mwenyewe niliiuliza nauli ya kivuko cha Kamanga ikanipa bei kwa kujiamini nikaenda na hela pungufu.

Hatua ya pili: angalia mkia wa neno

Hapa ndo penyewe, usiruke. Kitenzi ni kimoja tu, kujua, ila kimezaa watoto watatu na hawafanani tabia.

Mjuzi ni mwenye maarifa ya kweli. Ni neno la heshima, halina mwiba. Mjuzi wa sheria, mjuzi wa dawa za asili, mjuzi wa nyavu. Hili unaweza kumpa Mungu na unaweza kumpa fundi wa injini za mitumbwi, wote wakaridhika.

Mjuaji ni anayejifanya anajua. Ukimwambia mtu "wewe mjuaji sana" hujamsifia hata kidogo, umemwambia nyamaza. Nilimuuliza mwalimu, mbona mchezaji ni sifa na msomaji ni sifa, iweje mjuaji liwe tusi wakati mkia ni uleule wa -ji? Akasema huo mkia mara nyingi unamuonyesha mtu anayekifanya kitendo tena na tena, anacheza, anasoma, anawinda, sasa kujua sio kitu cha kufanya mbele za watu, kujua unakuwa nako tu kimya, kwahiyo anayekifanya kila saa ujue anakiigiza. Sijui wasomi wangekubali hiyo hesabu yake, ila mimi imenikaa kichwani na sijakosea tena.

Mjuvi ni zaidi ya hapo, huyu ana ufidhuli ndani yake. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), ile iliyotoka mara ya kwanza 1981, au Kamusi Kuu ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) ya 2015, utakuta ujuvi unatembea na utovu wa adabu. Mtoto anayemkatiza babu yake kwenye mazungumzo kumrekebisha mwaka ni mjuvi, hata kama mwaka aliosema ni sahihi.

Cha kuchekesha ni kwamba mwizi na mwivi ni mtu mmoja, ukiitwa lipi kati ya hayo utakimbizwa vilevile. Mjuzi na mjuvi nao wametoka kwa mtindo uleule lakini wao walishaachana njia zamani.

Kuna ubishi hapa nisiufiche. Kwenye magazeti ya michezo na redioni utasikia "wajuvi wa mambo wanasema usajili umekamilika", na hapo hawamtukani mtu, wanamaanisha wenye habari za ndani. Mwalimu hilo hawezi kulisikia, anasema waandishi wameharibu. Mimi nimeshazoea, ila nakushauri liache huko huko kwenye wingi na kwenye "wa mambo". Usije ukamuandikia diwani "mheshimiwa mjuvi" ukategemea atakulipa.

Hatua ya tatu: kinachofuata baada ya mjuzi

Hapa watu wanakosea kimyakimya, na bango likishapigwa rangi ndo basi. Andika "mjuzi wa yote", ile yote ni ya mambo, mambo yote. Ukisema "mjuzi wa vyote" unasema vitu, nayo inakubalika. Lakini "mjuzi wa wote" ni habari nyingine, wote ni watu, kwahiyo umesema anawajua watu wote au yeye ndo mjuzi kuwapita wote. Dada mmoja wa kwaya aliniletea maneno ya fulana "MUNGU MJUZI WA WOTE", nikamuuliza dada yangu unamaanisha watu au mambo, akasimama pale kaunta akaimba ule wimbo wao taratibu mpaka alipofika kwenye hilo neno, akacheka, akasema ni yote, hata kwenye wimbo ni yote.

Kama hutaki "mjuzi" kabisa zipo njia za kuzunguka: mwenye kujua yote, ajuaye yote, anayejua yote. Sikiliza tofauti ya hizo mbili za mwisho. Anayejua ina ile -na- ya wakati uliopo, inasikika kama anajua sasahivi, pengine jana alikuwa hajui. Ajuaye haina wakati, inajua tu, jana, leo na kesho kutwa. Kwahiyo kwenye maandishi mazito, bango la kanisa, utangulizi wa utenzi, ajuaye inakaa vizuri zaidi. Kwenye meseji ya WhatsApp ukiandika ajuaye watadhani umefiwa.

Na "mjua yote"? Lipo kwa mtindo wa mpiga picha na mla watu, halina kosa la sarufi, ila linanuka kejeli. Ndugu wakikaa sebuleni wakasema "muulizeni mjua yote wetu", jua kuna mtu anasengenywa.

Hatua ya nne: ukimsema Mungu

Kwa Wakristo, Biblia ya Union yenyewe haihangaiki na jina la cheo, inasema kwa kitenzi. Petro pale kwenye Yohana 21:17, akiulizwa mara ya tatu kama anampenda, anajibu "Bwana, wewe wajua yote". Zaburi 139 ndo inaingia ndani kabisa, "wewe wajua kuketi kwangu na kuondoka kwangu". Hiyo "wajua" sio makosa ya uchapaji, ni "unajua" kwa sauti ya zamani na ya kishairi, kijana wangu wa dukani aliwahi kuisahihisha kwenye ratiba ya mazishi ikawa "wewe unajua yote", padri hakusema kitu lakini niliona macho yake. Ukinukuu maandiko acha yalivyo.

Kwa Waislamu neno Mjuzi limekaa kabisa kwenye tafsiri za Qurani za Kiswahili, utasoma Mjuzi wa kila kitu, Mjuzi wa yaliyomo vifuani. Kwenye yale majina 99 kuna Al-Alim, ndo maana kuna watoto wanaitwa Abdulalim, mja wa Mjuzi. Halafu kuna ile ya kumalizia mazungumzo, wallahu aalam, Mungu ndiye ajuaye zaidi. Naipenda kwa sababu inatumika na mtu ambaye tayari ametoa jibu lake zuri tu, ametoa ushahidi na kila kitu, afu mwishoni anajirudisha nyuma hatua moja. Mzee mmoja anayeniletea mikataba ya viwanja nichape anaimalizia hivohivo hata kwenye vipimo vya miguu, "arobaini kwa sitini, wallahu aalam", nikamwambia mzee wangu hii kwenye mkataba itatuletea kesi.

Herufi kubwa: neno Mjuzi likimtaja Mungu linaanza na M kubwa pale linapokuwa kama jina lake. La fundi linaanza na ndogo.

Hatua ya tano: usichanganye vyeo

Fupi hii. Mwenyezi haimaanishi anayejua yote. Ni mwenye na enzi zimeungana, mwenye mamlaka yote. Kuweza yote ni muweza wa yote. Kuwepo kila mahali ni kuwepo kila mahali, hakuna mkato. Na ukitaka hali yenyewe ya kujua yote iwe nomino, "ujuzi wa yote" ni sahihi ila huku kwetu ujuzi siku hizi umeshabebwa na vyuo vya ufundi, mtu akisikia ujuzi anawaza kushona na kuchomelea, kwahiyo mimi naandika "kujua yote" tu, kitenzi kinafanya kazi ya nomino bila malalamiko.

Hatua ya sita: ukimsema binadamu, mpe mipaka

Mtu ukimwita mjuzi wa yote moja kati ya mawili litatokea, wacha Mungu wataguna, au wanaomjua watacheka. Dawa ni rahisi, badala ya yote taja anachokijua.

Nilishawahi kupata familia kutoka Igombe, baba yao mvuvi amefariki, wamekuja kuchapa wasifu wa marehemu na wameandika kwa mkono "alikuwa mjuzi wa yote". Nikawaambia poleni sana, ila hebu niambieni, mzee alikuwa anajua nini hasa. Wakaangaliana. Kaka mkubwa akaanza, alikuwa akitoka nje usiku akigeuza shavu anajua upepo utageuka saa ngapi. Binti akasema alikuwa akishika sangara kabla hajapasuliwa anakisia bondo lake, kile kifuko cha hewa cha tumboni kinachouzwa ghali, litafika uzito gani, na wachuuzi walikuwa wanambishia wanashindwa. Mama yao, ambaye muda wote alikuwa amekaa kimya na kanga kichwani, akasema kwa sauti ndogo, "na alikuwa anajua nikikasirika kabla sijajua mwenyewe". Nikaandika yote matatu kama yalivyo. Pale juu tukaweka "mjuzi wa ziwa", na mama alivyosomewa akasema gete, yani kweli kabisa kwa Kisukuma, huyo ndo yeye.

Kwahiyo kama ni bosi, muandike mjuzi wa hesabu za ghala. Kama ni bibi, mjuzi wa mambo ya uzazi. Kuna maneno mengine ya jirani pia yanasaidia: mweledi ni mwenye uelewa na anayeifanya kazi kwa kiwango, mtaalamu ni mwenye fani, gwiji na nguli ni wale waliobobea mpaka wanaheshimiwa. Mwanazuoni ni wa elimu ya juu, sana sana ya dini. Mbobezi nalo limekuwa la mtindo siku hizi, kila anayefungua saluni ni mbobezi, mimi limenichosha.

Hatua ya saba: hadithi na mitihani

Wanafunzi wa kidato cha tano na sita na hawa wa chuo, mkae hapa. Yule msimulizi wa riwaya anayejua kila mhusika anawaza nini, anayejua kilichotokea juzi na kitakachotokea mwakani, haitwi msimulizi mjuaji. Nimeshachapa ripoti zenye hilo neno na zimerudi na wino mwekundu. Anaitwa msimulizi maizi, na mtindo wenyewe ni usimulizi maizi. Msimulizi mjuaji angekuwa ni yule anayekukatiza hadithi kila ukurasa kukuonyesha alivyosoma, nao wapo.

Maizi limetokana na kumaizi, yani kutambua, kung'amua. "Nimemaizi kuwa ananidanganya." Umaizi ni wepesi wa kung'amua, kwahiyo peke yake halimaanishi kujua yote, hiyo maana inakuja likikaa na msimulizi. Usiende mtaani ukamwambia mtu "wewe ni maizi", atakuuliza umekunywa nini.

Kumtambua ni rahisi ukiona kwa macho. Soma hii:

"Baba alisukuma mtumbwi saa moja jioni. Alinitazama mara moja tu, akawasha taa, akapanda. Sikujua anawaza nini."

Huyo ni nafsi ya kwanza, anajua kilicho mbele ya macho yake tu, amesimama mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, miguu kwenye maji basi. Sasa hii:

"Sospeter alisukuma mtumbwi huku akiliwaza deni la tajiri wake. Hakujua kwamba wavu aliobeba una tundu, na kwamba mwanawe aliliona tundu hilo tangu jana akaogopa kusema. Wakati huohuo kule Nansio, mnunuzi aliyemuahidi kuchukua dagaa wote alikuwa ameshaghairi, amelala."

Umeona? Yuko ndani ya kichwa cha baba, yuko ndani ya woga wa mtoto, afu kavuka maji mpaka Ukerewe bila kupanda meli. Huyo ndo maizi. Kwenye mtihani tafuta alama tatu: "moyoni alisema" au "aliwaza" kwa wahusika zaidi ya mmoja, "hakujua kwamba", na "wakati huohuo kule". Ukizipata nukuu hizo sentensi, usiishie kuandika "mwandishi ametumia usimulizi maizi" ukaacha bila mfano. Na angalizo, nafsi ya tatu peke yake haitoshi. Kuna hadithi ya nafsi ya tatu inayomfuata mhusika mmoja tu kama kivuli, haijui ya mwingine, hiyo sio maizi. Wengi wanaona "ali-ali-ali" wanakimbilia jibu.

Kama wewe ndo unaandika hadithi, kujua yote kuna gharama. Pale juu ukishamwambia msomaji kwamba mnunuzi kaghairi, umempa huruma kwa Sospeter ila umemnyang'anya mshtuko wa asubuhi. Chagua.

Hatua ya nane: mtaani

Mtaani sifa na kejeli zinavaa nguo moja, sauti ndo inatenganisha. "Anajua" ukiwa uwanjani Kirumba ni sifa tupu, Pamba Jiji, timu yetu ya mpira ya Mwanza, iliporudi ligi kuu msimu wa 2024/25 nilikaa nyuma ya kijana ambaye dakika tisini nzima alikuwa na sentensi moja, "huyu dogo anajua mpaka anajua tena". Lakini "unajua sana wewe", ikisemwa polepole na mtu aliyekunja mikono, ni onyo. Profesa na dokta nazo zikisemwa na konda kwa abiria anayebishia nauli sio shahada hizo.

Kuna majirani wa mjuaji pia: kiherehere na kimbelembele, ni mtu anayejiingiza kabla hajaitwa, anaweza hata asidai anajua chochote. Kujimwambafai ni kujitutumua kwa ujumla, kwa hela, kwa nguvu, kwa chochote. Mjuaji yeye silaha yake ni maneno. Pale Kirumba mwaloni nilimsikia kijana mmoja mgeni anamuelekeza mama anayeanika dagaa namna ya kuzigeuza, mama wala hakuinua uso, akasema "asante baba, umesomea wapi?" kijana akaanza kujieleza chuo na kozi yake, na akina mama wote kwenye mkeka wakaangua kicheko. Hilo neno mjuaji halikutajwa hata mara moja.

Ukitaka kumkanya mtu kwa adabu, hasa mkubwa wako, usitumie mjuaji kabisa. Sema "mzee wangu, kwa hilo naomba tuulize wengine pia". Na ukitaka kujisema mwenyewe kwamba hujui kila kitu, "mimi sio mjuzi sana wa hayo" inatosha, usiongeze vingine, ukisema "mimi sio mjuaji" watu watasubiri ujuaji uanze, na kweli huwa unaanza.

La mwisho kabisa kabla ya kuprinti: soma kwa sauti mstari wenye hilo neno, msomee mtu ambaye hajauona, umuangalie usoni. Usitegemee mashine. Ya kwangu hapa dukani inapiga mstari mwekundu chini ya mjuzi, chini ya mjuaji na chini ya mjuvi, zote sawasawa, na chini ya Nyegezi pia.